Kipeo cha Sifuri na Punje ya Mama Yako

Mwanangu Hadija,

Shikamoo yako imenifikia pamoja na mapeasi ya mama yako, na marahaba yangu inapanda mlima na barua hii. Mimi ni mzima, kwa uzima wa mtu wa mkonge: viganja vimechomwachomwa, mgongo unanung'unika, lakini asubuhi nikiitwa jina naitika. Nakuandikia Jumapili mchana, nimekaa mlangoni mwa chumba changu hapa kambini, nikiwahi lori la kabichi linalopanda huko jioni hii, maana kesho unashuka Mombo kupanda basi la kwenda shule na mimi sitakuwepo kukuaga. Niliomba ruhusa. Nyapara akaniuliza, "Huyo binti anakwenda shule au anakwenda kuolewa? Wa shule hahitaji baba wa kumsindikiza." Nikamwacha na maneno yake.

Sitakuambia habari za blanketi, wala sabuni, wala watu wa kuangalia vizuri ndani ya basi. Mama yako amekwisha kuyasema hayo yote, na kwa ninavyomjua atayasema tena kesho gari likianza kuondoka. Mimi nina jambo moja tu, nalo limetoka katika barua yako.

Uliandika kwamba siku ya kuripoti kila mwanafunzi mpya atachagua mchepuo, na kwamba wewe utachagua sayansikimu, kushona na kupika, kwa sababu unaipenda. Nilisoma nikafurahi. Nikasoma mara ya pili nikaacha kufurahi. Unanijua, mimi ni mtu wa shaka. Hata chumvi nikiuziwa naionja kabla ya kuondoka dukani. Tangu ukiwa mdogo umekuwa ukisema utakuwa daktari wa ng'ombe. Yule ng'ombe wa jirani alipokufa na ndama tumboni ulikataa chakula, ukamwuliza kila mtu mzima kwa nini hakuna aliyejua la kufanya. Sindano sijawahi kukuona nayo, isipokuwa ya kutolea mwiba. Sasa haya mapenzi ya kushona yametoka wapi? Nikayatafuta ndani ya barua, nikayakuta chini kabisa, pembeni, umeandika kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona: "Tena huko hakuna aljebra ya vipeo."

Hapo nikakukamata.

Usinielewe vibaya. Shangazi yako wa Malindi, hii yetu ya milimani, amelea watoto kwa cherehani, na hakuna mtu wa kumcheka. Anayechagua cherehani kwa kuipenda amechagua. Lakini wewe hujachagua, umekimbia. Nami najua sura ya mtu anayekimbia vipeo, kwa sababu nimewahi kuwa huyo mtu.

Unakumbuka likizo yangu iliyopita, ulipokuwa ukifanya maswali jikoni? Uliandika a² × a³ = a⁵. Nikakuuliza mbona tano na siyo sita.

"Unajumlisha hivi vidogo vya juu, tate."

"Unajumlisha vipi, na hapa katikati naona alama ya kuzidisha?"

"Ndiyo kanuni."

"Imetoka wapi?"

"Kwa mwalimu. Tuliiimba darasa zima." Ukaniimbia, na mdogo wako akaanza kucheza na sufuria kichwani, mama yako akawafukuza wote wawili. Uliporudi ukakuta swali linalofuata, a² + a³, ukaandika tena a⁵ bila hata kupumua. Nilihisi pana kitu kimeoza pale, lakini sikuweza kukionyesha kwa kidole, na baba asiyeweza kuonyesha kwa kidole ni afadhali anyamaze. Kesho yake ukaenda Malindi kwa shangazi yako, mimi nikabaki na ile a⁵ kichwani kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Shaka hii sikuzaliwa nayo. Wakati wa mkoloni, nikiwa mdogo kuliko ulivyo wewe sasa, bwana shamba alikuja kijijini kwetu Lukozi na amri ya matuta. Kila mwenye shamba la mteremko alime matuta ya kukatiza mlima, apende asipende. Babu yako alimwuliza kwa adabu, kofia mkononi, "Bwana, matuta haya yanafanya nini?" Yule bwana akajibu, "Yanafanya usifungwe." Watu wakacheka, kile kicheko cha woga. Basi babu yako akawa analima matuta bwana shamba akiwa njiani, na kuyavunja akishaondoka. Wenzake hali kadhalika. Uhuru ulipokuja watu waliyasawazisha matuta yao kwa shangwe, kama wanabomoa gereza. Zikaja mvua za masika. Nilikuwa kijana, nimesimama bondeni, nikaona maji mekundu yakipita, nikamwuliza babu yako ni udongo wa nani ule. Akasema, "Wetu."

Kwa hiyo yule bwana alikuwa na ukweli mkononi. Lakini aliutoa kama fimbo, nasi tukaukataa pamoja na fimbo yake. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikikata mkonge, na bado sijui nimlaumu nani zaidi.

Ungetegemea mtu aliyeona hayo awe amejifunza. Sikujifunza. Shamba hili lilipotaifishwa, tukakusanywa tukaambiwa kuanzia leo ni letu. Mimi nilitazama miguu ya meneja mpya, nikaona viatu ni vilevile. Lakini lilitoka tangazo moja lililonipendeza: wafanyakazi waliofika darasa la sita wahudhurie masomo ya jioni katika bohari ya korona, ile mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, na watakaofaulu hesabu watafundishwa ufundi wa mashine. Maana yake kufanya kazi chini ya paa. Nikaenda. Akaja pia rafiki yangu Kalembo, Mha wa Kigoma, ambaye chumba chake kiko ukuta mmoja na changu. Mwalimu alikuwa kijana anaitwa Gerivasi, shati jeupe, mtu wa haraka. Tulikwenda naye vizuri mpaka siku alipoandika ubaoni kwamba namba yoyote, ukiondoa sifuri yenyewe, ikipewa kipeo cha sifuri jibu lake ni moja.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kile kidogo cha juu ulisema ni mara ngapi namba imefanya kazi ya kuzidisha."

"Vizuri, mzee wangu."

"Sasa hii haikufanya kazi hata mara moja. Na bado inapewa moja?"

"Ndiyo, moja."

Kalembo akadakia, "Mgosi, hamia huko! Kazi hakuna, posho ipo. Nisubiri nichukue mkeka wangu twende wote."

Bohari nzima ikaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akaona mimi sicheki. "Mzee wangu, hii ni kanuni. Wataalamu wamekwisha kuipima."

"Wako wapi niwaulize?"

"Ukitaka kufaulu, andika moja. Ukitaka ugomvi, andika sifuri."

Nilisimama nikatoka. Lazima ujue mimi nilikua katika enzi za kipande, ile kadi ya kazi iliyokuwa na visanduku. Siku uliyokata mkonge ulitiwa alama. Siku usiyokata kisanduku kilibaki kitupu, hata kama ulikuwa hoi kitandani. Hakuna mtu aliyewahi kumtilia mwenzake alama kwa kazi ya sifuri. Kwa hiyo niliposikia sifuri inazaa moja, mwili wangu wote uliniambia: hawa wanakudanganya, leo hesabu, kesho mizani. Nikaona heri nikae nje na akili yangu kuliko ndani bila akili. Kalembo alibaki. Haikumwingia hata yeye, ameniambia hivyo mwenyewe, lakini alibaki, akauliza tena siku nyingine, na nyingine. Sasa yuko kwenye mashine, chini ya paa, mikono ina grisi badala ya miiba. Ananitania mpaka leo: "Fundi wa nje, mvua inanyesha huko?"

Basi turudi kwenye likizo ile. Wewe umekwenda Malindi, mama yako amekaa uani anachambua maharage ya mbegu, yale yenye madoa ambayo ukungu hauyawezi. Nikamwuliza ameyapata wapi mengi hivyo. Akasema mbegu yake ilikuwa punje moja. Alikwenda kumsaidia shangazi yako kuvuna, akarudi nyumbani, na alipofungua pindo la kanga yake ikaanguka punje moja iliyojificha. Akaipanda nyuma ya jiko. Alichovuna akakipanda chote, bila kuonja hata kimoja, na msimu uliofuata vivyo hivyo.

Mimi nikasema, kwa mzaha tu, tuseme kila punje ilizaa kumi. Msimu wa kwanza kumi. Wa pili mia. Wa tatu elfu. Mara nikakaa chini. Hivyo vidogo vya juu, mwanangu, ni misimu. Kumi kipeo cha tatu ni punje moja iliyopitishwa misimu mitatu, na kila msimu unazidisha kwa kumi.

Nikamwuliza, "Kabla ya msimu wa kwanza ulikuwa na ngapi?"

Mama yako akanitazama kama mtu aliyeugua jua. "Si nimekuambia? Moja. Ile ya kwenye pindo."

Misimu sifuri, punje moja. Hakuna mtu anayelipwa bure hapo. Ile moja haikutokana na kazi. Ndiyo iliyokuwepo kabla ya kazi kuanza. Mimi miaka yote nilikuwa nasoma kile kidogo cha juu kama alama ya kipande, kumbe alama ya kipande inajumlisha, siku juu ya siku, na mbegu haijumlishi. Mtu wa kibarua ana kosa lake, na hilo ndilo langu: maisha yangu yote ni ya kujumlisha, nikadhani dunia nzima inajumlisha.

Nilijaribu kanuni zote pale uani, mama yako akizidi kunishangaa. Ile yenu ya kuimba ikafunguka yenyewe. a² × a³: umepitisha mbegu misimu miwili, kisha ukaendelea nayo mitatu. Umepita misimu mingapi? Mitano. Unajumlisha misimu kwa sababu ni muda unaofuatana, ingawa punje zenyewe zinazidishwa. Na hiyo a isikutishe. Ni mbegu ambayo hujaambiwa inazaa ngapi, basi. Iwe kumi, iwe tatu, misimu ni ileile. Ila iwe mbegu ya aina moja. Misimu miwili ya maharage na mitatu ya viazi huwezi kuiita misimu mitano ya kitu chochote, kwa maana kila kimoja kina uzazi wake.

Na ile a² + a³ yako ndiyo iliyooza. Hapo hujapanda kitu. Umechukua mavuno ya msimu wa pili ukayamwaga juu ya mavuno ya msimu wa tatu, katika debe moja. Mia na elfu. Jibu ni elfu na mia moja, nawe uliandika laki. Ungekuwa mwenye ghala ungekwenda jela. Unaona wimbo ulivyokufanyia? Ulikuambia ujumlishe vidogo vya juu, haukukuambia lini, nawe hukuuliza.

Kugawanya ni kurudi nyuma: misimu mitano ukiirudisha miwili inabaki mitatu. Na ile yenye mabano, (a²)³, nadhani ilitungwa na Mshambaa, kwa sababu sisi tuna mvua mbili, vuli na masika. Mwaka mmoja ni misimu miwili. Miaka mitatu ni misimu sita. Hapo ndipo panapozidishwa vidogo vya juu, na sasa unajua kwa nini, hutachanganya tena na ile nyingine.

Sasa nishuku na mimi. Sitaki uondoke na maharage ya baba yako kama ulivyoondoka na wimbo wa mwalimu. Punje za mama yako, nyingine ziliwahi kuliwa na panya, nyingine zilioza, na hakuna mche uliohesabu mpaka kumi ukasimama. Maharage ya karatasi hayaliwi na panya. Tena kuna kipeo cha hasi, ambacho kinasema urudi nyuma hata kabla ya ile punje moja, upate sehemu ya kumi ya punje. Kwa hesabu naona njia yake: ukirudi msimu mmoja unagawa kwa kumi, na kutoka kwenye moja nako unagawa vilevile, hakuna ukuta wa kukuzuia. Lakini nani amewahi kupanda sehemu ya kumi ya punje ikaota? Nimeikubali ubaoni, shambani bado naitazama kwa jicho la pembeni. Na nilipomwuliza Kalembo kwa nini Gerivasi aliiondoa sifuri yenyewe kwenye ile kanuni, akasema hajui, yeye aliandika tu. Hilo sijapata wa kuniambia. Huko uendako watakuwepo walimu waliosoma kuliko yeye. Watasema kwa Kiingereza, na kila kitu kitakuwa na jina jipya. Usiogope majina. Uliza kitu chenyewe kiko wapi.

Najua wewe si mtu wa kuuliza. Umerithi shaka yangu, lakini ya kwako inakaa kimya, inatafuta mlango. Yangu ilitafuta mlango vilevile, ikaupata, na nje ya ule mlango nikakuta mkonge. Shaka ni kitu kizuri, Hadija, siwezi kukuambia uiache, ningekuwa mwongo. Mimi sijapata kumwamini mtu kwa sababu ya shati lake. Lakini mwenye shaka anatakiwa akae kwenye benchi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndiye mwenye swali. Mimi niliondoka na swali langu mfukoni, na kule ndani hakubaki mtu wa kuliuliza ila Kalembo, ambaye Mungu amjalie, aliuliza la kwake na siyo la kwangu.

Mama yako anasema nitakulazimisha. Alituma neno na dereva wa lori la kabichi, "Mwambie asimwandikie mtoto maneno ya kumrudisha usiku akilia." Basi nasema wazi: silazimishi. Mchepuo ni wako. Ninachokuomba ni hiki tu. Siku hiyo ya kuripoti, watakapokupa kalamu uweke jina lako, usiweke haraka. Mwombe mwalimu wa hesabu, yeyote utakayemkuta, akuandikie swali moja la vipeo, na mbele yake sema kwa sauti kila unachofanya na kwa nini. Ukikwama sema nimekwama. Akicheka, acha acheke, hakuna aliyekufa kwa kicheko. Mimi nilichekwa na bohari nzima na bado naishi. Akikujibu kwamba ni kanuni tu, mwambie, "Ndiyo, mwalimu, naiona. Naomba unionyeshe ilikotoka." Kwa adabu, lakini usiondoke mbele ya ubao.

Ukishafanya hivyo, na ukaona bado moyo wako uko kwenye cherehani, weka jina lako huko bila kuninong'oneza pembeni ya barua. Nitavaa shati utakalonishonea hata kama mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, na sitauliza ulipima vipi. Lakini kama moyo uko kwa ng'ombe, basi vipeo viko njiani, na huwezi kuzunguka mlima mzima kwa kuogopa mlango mmoja.

Sina kingine. Mungu akufikishe na sanduku lako zima. Ukifika usiniandikie maswali uliyopata. Hayo mwalimu ameyaona. Niandikie lile ulilokosa.

Baba yako.